Koki ya Brahmaputra haiko Tibet

Klipu iliyozunguka kwenye kundi letu la WhatsApp ilikuwa ya dakika mbili. Ramani ya Asia, mkono mwekundu unatokea upande wa Beijing, unashika koki iliyochorwa juu ya vilele vya Himalaya, unaizungusha, na mto mzima ulio chini yake unakauka kuanzia India hadi Bangladesh. Aliyeituma aliongeza maneno manne: "Vita ya tatu hiyo, jamani." Mchoraji hakuitunga hofu hiyo peke yake. Tarehe 19 Julai 2025 Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, alikwenda Nyingchi, kusini mashariki mwa Tibet, kuzindua ujenzi wa vituo vitano vya umeme vitakavyofuatana kwenye sehemu ya chini ya mto Yarlung Tsangpo, ambao ukishavuka mpaka huitwa Brahmaputra. Gharama iliyotajwa ni yuan trilioni 1.2. Umeme unaotarajiwa ni karibu kilowati-saa bilioni 300 kwa mwaka, mara tatu hivi ya ule wa Three Gorges, bwawa la China linalozalisha umeme mwingi kuliko yote duniani. Tangu siku hiyo, habari ya kwamba China itawafungia majirani maji imekuwa wimbo usiokwisha. Mimi nasema mchoraji ameweka koki mahali pasipo na bomba. Brahmaputra hautoki Tibet ukiwa umejaa. Unajazwa njiani, na mito ambayo wengi wetu hatujawahi kusikia majina yake. Anayeufuata tawimto kwa tawimto atagundua kwamba hofu ya kukaukiwa haina mashiko makubwa. Atagundua pia kwamba yapo mambo mengine ya kuogopa, na hayo hayamo kwenye klipu.

Mto unaanzia kwenye barafu ya Angsi, magharibi mwa Tibet, jirani na mlima Kailash na ziwa Manasarovar. Kutoka hapo unaelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,500, juu ya uwanda mkavu na wa baridi, ukipokea Nyang Chu karibu na Shigatse na Kyi Chu, ambao ndio mto wa Lhasa. Kisha unafika kwenye mlima Namcha Barwa, wenye mita 7,782, na hapo unafanya jambo la ajabu: unajipenyeza kati yake na kilele cha Gyala Peri, unachukua maji ya Parlung Tsangpo, halafu unajikunja ghafla kurudi kusini. Kwenye kona hiyo mto unaporomoka takribani mita 2,000, na ukiunganisha mwanzo na mwisho wa mporomoko huo kwa handaki, halitazidi kilomita 50 hivi. Wahandisi wanautaka mporomoko huo. Ukitoka korongoni mto unaingia jimbo la Arunachal Pradesh, India, kwa jina la Siang. Unashuka hadi Pasighat, na mbele kidogo, kwenye tambarare ya jimbo la Assam, unakutana na Dibang na Lohit. Hapo tu, baada ya mito mitatu kuungana, ndipo linapoanza jina la Brahmaputra, ingawa Waassam wenyewe wana jina lao la mapenzi, Luit. Kutoka kaskazini unaingia Subansiri, unaingia Jia Bharali, zinaingia Manas na Sankosh kutoka Bhutan. Kutoka kusini Burhi Dihing, Dhansiri na Kopili. Baada ya Dhubri mto unavuka kwenda Bangladesh, unabadili jina kuwa Jamuna, unapokea Teesta, unaungana na maji ya Ganges karibu na Goalundo, yanakutana yote na Meghna kule Chandpur, na safari inaishia Ghuba ya Bengal. Ni kilomita karibu 2,900.

Sasa tazama hesabu. China ina karibu nusu ya eneo lote la bonde la mto huu. India ina theluthi. Bhutan na Bangladesh zina asilimia nane hivi kila moja. Anayeangalia ramani tu ataamini kwamba mwenye nusu ya ardhi ana nusu ya maji. Lakini ile nusu ya Tibet iko nyuma ya ukuta wa Himalaya, mahali ambapo mawingu yanafika yakiwa yameshakamuliwa, na Lhasa kwa mwaka mzima haipati mvua ya kufika hata nusu mita. Upande wa kusi wa ukuta huo ndio wenye neema. Upepo ule ule wa kusi uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda Bara Hindi ndio unaochota mvuke wa bahari, ukaupandisha kwenye milima ya Arunachal, Bhutan na Assam, na kuumwaga kuanzia Juni hadi Septemba. Kuna sehemu zinazopata zaidi ya mita tatu za mvua. Waziri Kiongozi wa Assam, Himanta Biswa Sarma, alilieleza hilo kwa takwimu Juni 2025: mchango wa China ni kati ya asilimia 30 na 35 tu ya maji ya Brahmaputra, na mtiririko unaopimwa mpakani Tuting, meta za ujazo 2,000 hadi 3,000 kwa sekunde, unafikia 15,000 hadi 20,000 kwenye tambarare za Assam wakati wa mvua kubwa. Kwa mtu wa bonde la Rufiji hili si geni. Ruaha Mkuu ndio wenye jina na urefu, lakini maji mengi yanayofika Stiegler's Gorge yameletwa na Kilombero.

Inafaa pia kukumbuka kwamba hata hilo la kuwa Tsangpo na Siang ni mto mmoja lilichelewa kuthibitishwa. Mwaka 1880 idara ya upimaji ya India ya Waingereza ilimtuma Kinthup, mzaliwa wa Sikkim asiyejua kusoma wala kuandika, aende Tibet pamoja na lama mmoja. Kazi ilikuwa kukata magogo 500, kuyatia alama, na kuyatupa kwenye Tsangpo, hamsini kwa siku, huku watu wakivizia kule Assam waone kama yatapita. Lama akatapanya fedha, akamuuza Kinthup utumwani, akapotea zake. Kinthup alitoroka, akakimbilia kwenye nyumba ya watawa, akaomba ruhusa ya kwenda kuhiji, akakata magogo yake na kuyaficha, akaenda hadi Lhasa kutuma barua ya kusema siku atakayoyatupa, akarudi, akayatupa yote kwa siku kumi. Barua haikumfikia aliyekusudiwa, kwa kuwa afisa aliyemtuma alikuwa ameshaondoka India. Magogo 500 yakapita mbele ya watu ambao hawakuambiwa wayatazame. Nina sababu ya kukisimulia kisa hiki, na itaonekana baadaye.

Wenye hofu wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni ya kisiasa. Aprili 2025, baada ya mauaji ya watalii Pahalgam, huko Kashmir, India ilitangaza kuusimamisha mkataba wa maji ya Indus iliokuwa nao na Pakistan tangu 1960. Haikuchukua muda, upande wa Pakistan wakaanza kuuliza: je, rafiki yetu China naye akiwafanyia hivyo hivyo kwenye Brahmaputra? Ni swali la haki. Kati ya China na India hakuna mkataba wowote wa kugawana maji, hata mbovu. Hoja ya pili ni ya Pema Khandu, Waziri Kiongozi wa Arunachal, ambaye Julai mwaka huo aliuita mradi wa China "bomu la maji": yakizuiliwa kisha yakaachiwa kwa mkupuo, wa kwanza kufa ni watu wa bonde la Siang. Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ndogo na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Ile asilimia 30 ni wastani wa mwaka. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua zikishakatika na vijito vya milimani vikabaki mawe matupu, fungu la Tibet kwenye maji ya Siang huwa kubwa zaidi, na kadiri unavyokaribia mpaka ndivyo linavyozidi kukua. Mtu wa Guwahati, huko chini Assam, hatalihisi sana. Mtu wa Tuting atalihisi.

Lakini hoja ya koki yenyewe, kwamba China itayageuza maji yaende kwake na kuuacha mto mkavu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mradi uko mahali ambapo mto umeshafika mwisho wa uwanda na unaanza kuporomoka. Kuyapeleka maji hayo kaskazini, kwenye mashamba makavu ya China, kungetaka kuyapandisha juu ya milima inayoyazidi kimo kwa zaidi ya mita elfu moja, yaani kula umeme mahali ambapo umejenga ili upate umeme. Na kila tone linalogeuzwa ni tone lisilopita kwenye mitambo. Hakuna anayezika yuan trilioni 1.2 mlimani ili auzuie mto usizungushe mashine zake. Zipo ndoto za zamani za wahandisi wa China kuhusu kuugeuza Tsangpo, na wanaozichapisha tena kila mwaka wanajua zinauza magazeti. Mradi uliozinduliwa Nyingchi ni wa mahandaki ya kukata kona, maji yatoke juu, yapite ndani ya mlima, yarudi mtoni chini. China tayari inaendesha bwawa la Zangmu, megawati 510, kwenye mto huo huo tangu miaka kumi iliyopita, na Brahmaputra haujakauka.

Hata hivyo, sikubaliani na Sarma anapovuka kutoka kwenye takwimu hadi kwenye utulivu. Alisema hata China ikipunguza maji, huenda ikawa nafuu kwa Assam kwa sababu ya mafuriko ya kila mwaka. Hapo hesabu yake inamgeuka. Kama theluthi mbili ya maji inatoka kwenye mvua za India yenyewe, basi mafuriko ya Assam nayo yanatoka huko huko, kwenye Subansiri, Jia Bharali na wenzao. Bwawa lililo Tibet haliwezi kuzuia mvua inayonyesha Arunachal. Haiwezekani useme China ni mchangiaji mdogo unapotaka kuwatoa watu hofu, halafu useme ni mkombozi mkubwa unapotaka kuwapa matumaini.

Jambo ambalo klipu na waziri wote wamelisahau ni tope. Brahmaputra ni miongoni mwa mito inayobeba mashapo mengi kuliko yote duniani, na wanajiolojia wanakadiria kwamba karibu nusu ya mzigo huo inatoka kwenye eneo dogo sana la kuzunguka Namcha Barwa, pale pale kwenye kona, ambapo mlima unainuka kwa kasi na mto unaukwangua kwa kasi hiyo hiyo. Kwa hiyo Tibet inayotoa maji machache ndiyo inayotoa mchanga mwingi. Weka vituo vitano vya umeme na mahandaki hapo, na kitu cha kwanza kitakachobadilika chini si kina cha maji, ni chakula cha mto. Mto ulionyimwa mchanga una njaa, na njaa yake unaimaliza kwa kula kingo. Kisiwa cha Majuli, katikati ya mto huko Assam, kilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 1,200 zaidi ya karne moja iliyopita. Leo hakijabaki hata nusu yake. Wamising wanaoishi humo wanajenga nyumba za mianzi juu ya nguzo ili maji yapite chini, lakini nguzo haisaidii kitu udongo wenyewe unapoondoka. Ukingoni serikali imepanga safu za nguzo za zege zilizofungwa pamoja, ncha zikitazama kila upande. Wahandisi wanaziita nungunungu. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya mkondo ili mchanga utue. Ukishaelewa kwamba kijiji kizima kinategemea nungunungu wa zege kunasa mchanga, utaelewa kwa nini kuuzuia mchanga juu kilomita mia kadhaa si jambo la wahandisi peke yao. Na mwisho wa mto kuna delta ya Bengal, nchi iliyojengwa na tope hilo hilo, ambayo inatitia polepole huku bahari ikipanda. Haina njia nyingine ya kujiinua isipokuwa kuongezewa udongo kila mwaka.

Sisemi kwamba nani atapoteza ekari ngapi, kwa kuwa China haijaweka wazi michoro ya mradi wala namna itakavyopitisha mchanga. Mabwawa mengine yana milango ya chini ya kusafisha tope. Lakini kusafisha nako kuna wakati wake: tope lililokusanywa miezi sita likiachiwa kwa siku tatu ni maafa mengine kwa samaki na kwa pampu za maji.

Halafu ardhi yenyewe haijatulia. Tarehe 15 Agosti 1950, India ikiadhimisha uhuru wake, tetemeko la kipimo cha 8.6 liliitikisa milima ya mpaka huu. Maporomoko yaliziba Subansiri, na ukuta wa udongo ulipopasuka siku chache baadaye, wimbi likavifagia vijiji vilivyokuwa vimenusurika na tetemeko. Sakafu ya mto ikainuka, na mji wa Dibrugarh ukapoteza sehemu yake kubwa kwa mmomonyoko. Aprili 2000 mlima uliporomoka ukaziba mto Yigong, unaomwaga maji yake kwenye Parlung Tsangpo. Juni ukapasuka, na mafuriko yakashuka Siang yakaua watu na kung'oa madaraja ndani ya India. Hilo lilikuwa bomu la maji halisi, na hapakuwa na bwawa la Mchina hata moja. Oktoba 2018 mto wenyewe uliziba tena karibu na kona hiyo. Safari hiyo China iliwaarifu India mapema, na watu wakahamishwa kingoni. Tofauti kati ya mwaka 2000 na 2018 ni taarifa, kitu kile kile kilichokosekana magogo ya Kinthup yalipopita bila kutazamwa.

Wanaoogopa mkono wa Beijing wangeangalia pia mikono iliyo karibu. Oktoba 2023, kwenye mradi wa umeme wa Subansiri, megawati 2,000, uliokuwa ukijengwa na India ndani ya India, poromoko liliziba handaki pekee lililokuwa likipitisha maji. Mto uliozoea kuzamisha mashamba ukabaki mfereji kwa saa kadhaa, samaki wakipapatika kwenye mchanga. Huo ndio mto mkavu aliouchora yule wa WhatsApp, ila bendera ilikuwa nyingine. Mwezi huo huo ziwa la barafu la South Lhonak, Sikkim, lilipasuka na kulisomba bwawa la Teesta III. Na jibu la Delhi kwa Medog, kama mradi huo wa China unavyoitwa, ni nini? Ni bwawa jingine, Upper Siang, la megawati zaidi ya 11,000, kwa hoja kwamba lazima pawe na ghala kubwa la kupokea maji endapo China itayaachia ghafla. Waadi wanaoishi kwenye bonde hilo, wanaouita mto Ane, yaani mama, wanalipinga kwa miaka sasa. Mei 2025 waliandamana baada ya askari kupelekwa kulinda upimaji. Wanaambiwa wakubali vijiji vyao vizamishwe kwa hakika ili wakingwe na mafuriko ya kudhaniwa. Hapa ndipo hadithi ya koki inapokuwa na faida kwa mtu. Bila koki, Upper Siang ni mradi wa umeme wenye wapinzani wengi. Pamoja na koki, unakuwa suala la usalama wa taifa, na anayeupinga anaonekana msaliti.

Bangladesh inayatazama yote hayo ikiwa mwisho wa foleni. Inashiriki na India mito 54, na mkataba kamili wa kugawana maji inao kwa mto mmoja tu, Ganges, uliosainiwa Desemba 1996 kwa miaka 30. Makubaliano ya Teesta yalikuwa tayari kusainiwa mwaka 2011, yakakwama kwa sababu serikali ya jimbo la West Bengal ilikataa. Wakulima wa kaskazini mwa Bangladesh wakiuliza kwa nini Teesta hupungua wakati wa kiangazi, hawaambiwi habari za Tibet. Wanaonyeshwa banio la Gajoldoba, upande wa India. Malalamiko ambayo Delhi inayapeleka Beijing, Dhaka imekuwa ikiyapeleka Delhi kwa miaka mingi, karibu neno kwa neno.

Sheria ya kimataifa nayo haina meno hapa. Umoja wa Mataifa ulipopigia kura mkataba wa mito ya pamoja mwaka 1997, nchi 103 ziliunga mkono na tatu zikapinga: China, Uturuki na Burundi. India ilikuwa miongoni mwa zilizojizuia kupiga kura, pamoja na Pakistan, Rwanda na Tanzania, kwa hiyo sisi wa huku tusijifanye tumeumbwa kwa udongo mwingine. Anayesubiri mkataba mkubwa wa Brahmaputra atasubiri sana. Kinachowezekana ni kidogo, na ndicho kilichokuwa kikifanya kazi: tangu 2002 China ilikuwa ikiipa India vipimo vya maji kutoka vituo vitatu vya Tibet, Nugesha, Yangcun na Nuxia. Mwaka 2017, majeshi ya nchi mbili yakitazamana Doklam, vipimo havikuja. Baadaye vikarudi. Makubaliano yakaisha muda wake mwaka 2023, na Agosti 2025, mwezi mmoja baada ya uzinduzi wa Nyingchi, China ilikubali kutoa taarifa wakati wa dharura, kwa misingi ya utu, huku mazungumzo ya kuyahuisha makubaliano yakiendelea.

Kama watayahuisha, kuna kipengele kimoja cha kukitazama kuliko vyote. Makubaliano ya zamani yaliandikwa na watu waliokuwa wakiogopa mafuriko, kwa hiyo vipimo vilitolewa kuanzia 15 Mei hadi 15 Oktoba. Nje ya hapo, China ilitakiwa kusema iwapo tu maji yatapanda kupita kiwango kilichokubaliwa. Yakishuka, hakuna aliyewajibika kusema. Na ni baada ya tarehe hiyo, maji yanapopungua na visiwa vya mchanga wanavyoviita char vikaibuka, ndipo wakulima wa Assam na Bangladesh wanapovuka kwa mitumbwi kwenda kupanda haradali, hapo hapo kwenye miezi ambayo mitambo ya kwenye kona itakuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuupandisha na kuushusha mto kwa saa.